Kazi ikiyumba usiyumbe nayo: mwongozo kamili wa kujitenganisha na cheo chako kabla majibu hayajatoka

Watu wengi wakisikia fununu za kupunguzwa kazini kitu cha kwanza wanachofanya ni kufungua CV na kuanza kuirekebisha, sio vibaya, ila kuna kazi nyingine inatakiwa ifanyike kabla ya hiyo CV na karibu hakuna mtu anayekufundisha. Nayo ni kujua wewe ni nani kama kesho hicho cheo hakipo. Naongea na wewe ambaye mkataba wako unaisha na hakuna anayekwambia kama utaongezwa, au kampuni yenu inaungana na nyingine na kila wiki wakubwa wanajifungia kikaoni, au fani yenyewe ndo inabadilika, programu za akili bandia zinamaliza kwa dakika chache kitu ulichosomea miaka, au umebakiza muda mfupi ustaafu na hiyo siku hutaki hata kuiwaza. Bado hujaachishwa. Bado unaamka, unavaa, unaenda. Lakini ndani kuna kitu kinatikisika na ukijaribu kumwelezea mtu unaishia kusema "aah ni stresi za kazi tu".

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kujiambia "mimi sio kazi yangu" peke yake hakusaidii. Utajiambia asubuhi, mchana bosi akipita bila kukusalimia moyo unadunda vilevile. Kinachosaidia ni kuangalia kazi ilikuwa inakupa vitu gani hasa, kimoja kimoja, alafu kuanza kuvipata hivyo vitu sehemu nyingine kidogo kidogo, sasa hivi, wakati bado upo kazini na bado una nguvu. Mwongozo huu wote ni jinsi ya kufanya hivyo.

Na usijione mdhaifu kwamba unaumia wakati hata barua hujapewa. Kuishi na wasiwasi wa kupoteza kazi kwa muda mrefu kunaweza kumdhuru mtu kiafya vibaya sana, wakati mwingine kama vile ameshaipoteza, na watafiti wa afya kazini wameliona hili mara nyingi. Sababu unaielewa mwenyewe: aliyeachishwa anajua alipo, anaweza kulia, anaweza kupanga. Wewe huwezi kuomboleza kitu ambacho kipo bado na huwezi kupanga kitu usichokijua.

Hatua ya 1: Tenganisha hofu ya pesa na hofu ya kupotea wewe

Hizi hofu mbili zinakuja pamoja na ndo maana zinachanganya. Chukua karatasi ujiulize swali moja: kama ningehakikishiwa mshahara wangu wote kila mwezi kwa miaka 5 ila nikae nyumbani, nisirudi tena pale, nini bado kingeniuma? Usijibu haraka. Kama jibu ni "hamna, ningefurahi", basi shida yako kubwa ni pesa, mengi humu hayakuhusu sana, nenda kapige hesabu. Lakini wengi wakikaa na hilo swali wanaona kuna vitu vinabaki. Nani atanipigia simu? Nikiulizwa nafanya nini nitasema nini? Watoto watanionaje? Asubuhi nitaamkia nini? Hayo yanayobaki mshahara ukishatolewa ndo sehemu ya nafsi yako iliyofungwa kwenye kazi. Yaandike yote, utayatumia baadaye.

Hofu ya pesa yenyewe inatibiwa na namba, sio na maneno. Kaa na mwenzi wako au mtu mnayeshirikiana maisha, andikeni matumizi ambayo hayakwepeki, muone akiba iliyopo inabeba miezi mingapi, na muone kipi kinapunguzwa leo. Jibu linaweza kuwa baya ila mtu anayejua ana miezi 2 analala vizuri kuliko asiyejua kabisa.

Hatua ya 2: Pima umefungwa kiasi gani

Kuipenda kazi ni kitu kizuri na sitaki mtu asome hapa aondoke anadhani anatakiwa aache kujali. Kupenda kazi na kuwa kazi ni vitu viwili tofauti. Anayeipenda kazi ikimwendea vibaya anasikitika, ila aliyegeuka kuwa kazi yake, ikimwendea vibaya anaona yeye ndo mbaya.

Dalili za huyu wa pili: siku yako inakuwa nzuri au mbaya kutokana na imeili moja ya mkubwa. Ukiwa likizo unachungulia simu sio kwa sababu umeambiwa, bali usipochungulia unajihisi haupo. Marafiki zako karibu wote ni wa ofisini na mkikutana nje mnaongea ya ofisini. Mwenzako akisifiwa unahisi kama umepunguziwa kitu. Ukiulizwa unapenda nini nje ya kazi unakaa kimya muda mrefu kidogo. Na kubwa kuliko zote, ukisikia mtu mwingine ameachishwa swali la kwanza kichwani ni "alikosea nini", maana kukubali kwamba mtu mzuri anaweza kuachishwa tu bila kosa kunakutisha sana.

William James, mmoja wa waanzilishi wa saikolojia Marekani, aliliandika hili mwaka 1890 kwa mfano wake mwenyewe. Yeye alijiwekea yote kwenye kuwa mwanasaikolojia, kwahiyo akikuta mtu anajua saikolojia kumzidi anaumia, ila kutojua Kigiriki hata kidogo hakumsumbui kabisa. Akasema kujithamini kwa mtu ni mafanikio yake yakigawanywa kwa yale anayojidai nayo. Angalia hiyo hesabu vizuri: kama umejidai kwa kitu kimoja tu, kitu hicho kikiyumba hamna kingine cha kushikilia hesabu. Ndo maana watu wawili wanapata barua ileile siku ileile, mmoja anaumia wiki mbili anasimama, mwingine mwaka unaisha bado yuko chini, na wala sio kwamba huyu wa kwanza ni jasiri zaidi.

Hatua ya 3: Jua kazi ilikuwa inakupa nini (hapa tulia, ndo penyewe)

Miaka ya mwanzo ya 1930 kulikuwa na kijiji Austria kinaitwa Marienthal, karibu na Vienna. Kijiji kizima kilikuwa kinaishi kwa kiwanda kimoja cha nguo, mdororo wa uchumi ulipokuja kiwanda kikafungwa na karibu kila familia ikabaki haina kazi. Watafiti wakaenda kuwachunguza hao watu kwa karibu, mmojawao Marie Jahoda, utafiti wao ukatoka mwaka 1933. Walichokikuta wengi hawakukitarajia. Ungedhani watu wakipata muda mwingi watasoma zaidi, lakini vitabu vinavyoazimwa maktaba vilipungua. Ungedhani watafanya mambo waliyokuwa wanayaahirisha, hamna. Watafiti walisimama wakawa wanapima mwendo wa watu barabarani, wanaume walikuwa wanatembea taratibu kuliko wanawake na wanasimama simama njiani, hawana haraka ya kwenda popote. Walipoombwa waandike siku yao imepitaje, wanaume wengi walikosa cha kuandika, saa zilikuwa zimepita tu. Wanawake hawakuathirika kwa namna ileile kwa sababu nao kazi ya kiwandani iliisha ila kazi ya nyumbani ilibaki, bado siku yao ilikuwa na mwanzo na mwisho.

Miaka mingi baadaye Jahoda akaeleza kwamba ukiacha mshahara, ajira inampa mtu vitu vitano ambavyo mwenyewe havioni mpaka vikiondoka. Ratiba ya siku. Watu wa kukutana nao nje ya familia. Lengo kubwa kuliko wewe mnalolifuata pamoja. Hadhi na utambulisho. Na shughuli ya lazima, kitu kinachokutoa kitandani upende usipende.

Sasa fanya hivi. Chora mistari upate safu tatu. Ya kwanza andika hivyo vitu vitano. Ya pili andika kazi inakupaje kila kimoja, na uwe mkweli mpaka kwenye vitu vidogo, mfano chini ya watu usiandike "wenzangu kazini", andika yule mama wa mapokezi mnayetaniana kila asubuhi, yule kijana unayemfundisha kazi. Safu ya tatu andika ni wapi pengine, leo, unakipata hicho kitu bila kazi. Safu hiyo kwa watu wengi inakuwa na mapengo makubwa, hususan kwenye lengo na hadhi, na usiogope ukiona hivyo. Hayo mapengo ndo ramani yako.

Alafu chagua pengo moja. Moja tu. Kosa la kawaida hapa ni kutaka kujaza yote wiki moja, mtu anajiunga kwaya, mazoezi, kikundi cha kujitolea na kozi ya mtandaoni kwa mpigo, wiki ya tatu amechoka ameacha vyote na anajiona ameshindwa tena. Anza na lile ambalo ukiliwaza likiwa tupu unashtuka zaidi. Kama ni ratiba, weka kitu kimoja cha saa maalum nje ya kazi ambacho hakiahirishwi, hata kama ni kutembea nusu saa kila jioni. Kama ni watu, tafuta mahali ambapo utaonana na watu walewale mara kwa mara, sio tukio la siku moja, maana urafiki wa watu wazima unajengwa na kurudiarudia. Kama ni hadhi, nenda mahali unapohitajika kwa kitu ambacho hakimo kwenye CV yako kabisa: kuwa refa wa watoto wa mtaani kwenu, kuwa mweka hazina wa kikundi, kumsomea mzee asiyeona vizuri. Hadhi maana yake sio sifa tu, kuna mtu ukikosekana anauliza uko wapi.

Na hapa kuna onyo muhimu. Mwanasaikolojia Patricia Linville miaka ya 1980 alitoa hoja kwamba mtu ambaye nafsi yake ina pande nyingi zilizotengana anatikisika kidogo upande mmoja ukipigwa. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na mimi naamini jibu liko kwenye hilo neno zilizotengana. Ukisema una pande nne, mfanyakazi, mchezaji wa timu ya mpira ya ofisini, mwanachama wa chama cha kukopeshana cha ofisini na rafiki wa watu wa ofisini, huo ni upande mmoja wenye majina manne, siku ukiondoka vyote vinaondoka. Kwahiyo angalau vitu viwili kwenye safu ya tatu viwe na watu ambao hawajui bosi wako anaitwa nani.

Hatua ya 4: Koleo, uhunzi na mhunzi

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo sio mwisho wa uhunzi. Wengi tunautumia kufariji mtu na kuishia hapo, ila ukiutumia kama zoezi unafanya kazi kubwa. Gawa karatasi nyingine sehemu tatu.

Koleo ni vile vitu vya mwajiri. Cheo, kadi ya kuingilia, imeili ya kampuni, jina la taasisi ambalo ukilitaja watu wanakaa vizuri, gari, ofisi, nafasi ya kualikwa. Hivi hata kama umevitumia miaka 20 sio vyako, cheo ni dhamana. Uhunzi ni ujuzi uliobaki mikononi: kusoma hesabu ukaona kosa lilipo, kumtuliza mgonjwa anayepiga kelele, kupanga safari za magari ishirini yasigongane ratiba, kuandika ripoti ikaeleweka. Sehemu ya tatu ni mhunzi mwenyewe, yaani yale uliyokuwa nayo kabla hujaajiriwa na yanayoonekana hata ukiwa msibani au jikoni. Mtu asiyependa kuona mwenzake anaonewa. Mtu mvumilivu kwa watoto. Mtu anayetaka kila kitu kikae kwa mpangilio. Mtu wa kuuliza maswali mpaka mwisho.

Sehemu ya tatu ndo ngumu. Ukikwama usiendelee kujikamua, nenda kamuulize mtu aliyekujua kabla ya kazi, ndugu yako, mtu mliyesoma naye, umwambie "nikumbushe mimi nilikuwa mtu wa namna gani". Majibu yao mara nyingi yanashangaza. Na ukimaliza angalia uliandika wapi zaidi. Kama koleo imejaa ukurasa na hizo nyingine mbili zina mistari mitatu mitatu, haina maana huna kitu, inaonyesha tu kwa miaka mingi umekuwa ukijitazama kwa macho ya mwajiri.

Kwa anayehisi fani yenyewe ndo inakufa, sio kampuni tu, gawa uhunzi tena. Kuna sehemu ambayo mashine itaifanya na ukikataa kukubali utapoteza muda. Kuna sehemu iliyobaki inayohitaji mtu, kujua swali sahihi la kuuliza, kubeba lawama kitu kikiharibika, kuaminiwa na mteja. Piga mstari chini ya hizo.

Hatua ya 5: Andika dakika 20 kwa siku 5

Mwaka 1994 ulitoka utafiti wa Stefanie Spera, Eric Buhrfeind na James Pennebaker kuhusu wataalamu walioachishwa kazi. Baadhi waliandika dakika 20 kwa siku 5 mfululizo kuhusu mawazo na hisia zao za kina juu ya kuachishwa, wengine waliandika mambo mengine yasiyo na hisia na wengine hawakuandika. Miezi iliyofuata wale walioandika hisia walipata kazi haraka kuliko wenzao, na cha ajabu hawakuwa wametafuta kwa bidii zaidi. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba ile hasira ilikuwa imeshapata pa kwenda, kwahiyo haikumwagika kwenye intavyuu. Sasa wewe bado hujaachishwa lakini mbinu ni ileile na haigharimu kitu.

Kaa pekee yako, weka saa, andika bila kusimama na bila kujali tahajia. Siku ya kwanza andika unachoogopa. Siku ya pili unachokikasirikia, hata kama ni aibu, hata kama unamkasirikia mtu asiye na kosa. Baada ya hapo ruhusu mkono uende unakotaka, ila siku ya mwisho jaribu kugusa hili swali: nini kimenifanya nikaweka thamani yangu yote hapa? Kwa wengine ni mzazi aliyekuwa hasifii mpaka ripoti ya shule iwe nzuri. Kwa wengine ni umasikini waliokulia, kazi ndo iliwatoa kwenye dharau. Ukijua ulivyoingia hutajilaumu sana kwamba umefungwa. Karatasi sio lazima uzitunze, choma ukitaka. Na kama ukiandika unazidi kuzama badala ya kupumua, acha, sio kila dawa ni ya kila mtu.

Hatua ya 6: Andaa majibu ya "siku hizi uko wapi?"

Hili swali linaumiza watu kuliko barua yenyewe, na linaulizwa kila mahali, harusini, msibani, kwenye daladala ya mawazo yako mwenyewe usiku. Usilisubiri ukiwa mtupu. Tengeneza majibu matatu uyazoee mpaka yatoke bila kutetemeka.

La kwanza ni la watu wa mbali: "Nipo, kazini kuna mabadiliko kwahiyo naangalia mbele. We je?" Linatosha. Huna deni la maelezo kwa kila anayeuliza. La pili ni la watu wanaoweza kukusaidia: "Nimekuwa nikisimamia malipo ya wafanyakazi kwa miaka kadhaa, hali pale haieleweki, natafuta sehemu yenye kazi ya namna hiyo, ukisikia nishtue." Angalia hapo umetaja unachofanya na unachotaka, hujataja cheo. La tatu ni la watu wa ndani, na hili ni tofauti kabisa: "Naogopa. Sijui nitakuwa nani kama hii kazi ikiisha." Huna watu wengi wa kuwaambia hili na hawatakiwi kuwa wengi, ila wawepo angalau wawili.

Kuhusu nyumbani, mwambie mwenzi wako mapema. Wapo wanaoficha mpaka siku ya mwisho, wanatoka asubuhi wamevaa kama kawaida wakati hakuna wanakoenda, wakidhani wanalinda familia. Mke au mume akija kujua kinachomuuma zaidi ni kwamba ulibeba peke yako ukamwona hafai kuambiwa. Anza tu hivi, "mke wangu, kazini kuna mambo hayajakaa sawa, sina majibu bado ila sitaki uyasikie kwa mtu mwingine". Watoto wakubwa waambie kifupi na kwa utulivu, wameshahisi tayari, wanachotaka kujua ni kama wao wako salama na kama wewe uko sawa.

Hatua ya 7: Jaribu maisha mengine kwa vipande vidogo

Watu wengi wanadhani inabidi ukae ujitafakari mpaka ujue wewe ni nani mpya ndo uanze. Herminia Ibarra, mtafiti aliyewafuatilia watu wanaobadilisha kazi na majukumu, alikuta inaenda kinyume, watu wanajaribu kwanza ndo wanajijua baadaye, wanavaa nafsi za muda kuona ipi inawakaa. Kwahiyo usijifungie ndani kutafuta wito wako. Chagua vitu viwili unavyovionea shauku hata kama havieleweki, kipe kila kimoja kipindi kifupi, mwisho wa wiki chache jiulize: nilipokuwa nafanya hiki nilisahau simu? Ningependa kukutana na hawa watu tena? Majibu mawili ya hapana, acha bila majuto uende kingine.

Usiache kazi kwa ajili ya jaribio na usikope kwa ajili ya jaribio. Na tafadhali usigeuze kila kitu kuwa biashara. Kuna presha siku hizi kwamba ukipenda kupika lazima uuze chakula, ukipenda kushona lazima ufungue duka. Kipindi hiki unahitaji angalau kitu kimoja ambacho ukikifanya vibaya hakuna mtu anakudai wala kukupima.

Hatua ya 8: Ukiwa bado kazini, ishi vipi?

Haraka haraka. Fanya kazi yako vizuri kwa saa zako, lakini acha kubaki mpaka usiku ili uonekane, maamuzi ya kupunguza watu mara nyingi yanafanywa na watu wanaoangalia bajeti na hawajui ulibaki mpaka saa ngapi. Soma mkataba wako, ujue notisi ni ya muda gani na haki zako ni zipi, na kama huelewi muulize mtu wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria. Andika mafanikio yako na tarehe zake wakati bado unakumbuka, hifadhi mawasiliano ya watu uliofanya nao kazi kwenye simu yako binafsi, omba barua ya mapendekezo kwa mkubwa anayekukubali kabla na yeye hajaondoka. Siri na nyaraka za mwajiri usiziguse.

Fununu nazo ziwekee mipaka. Kila ofisi ina lile kundi la simu ambalo kila saa kuna mtu "amesikia kitu". Lizime sauti, lifungue mara moja kwa siku. Habari ya kweli itakufikia hata usipokesha.

Hatua ya 9: Kama barua ikitoka

Siku hiyo usiamue kitu. Usisaini kitu hujakisoma, omba muda. Usiandike mtandaoni. Nenda kwa mmoja wa wale watu wawili uliowaambia unaogopa.

Ruhusu kuomboleza, maana umefiwa na kitu kweli. Lakini kuanzia wiki ya kwanza shikilia saa ya kuamka. Kumbuka wale watu wa Marienthal, muda usio na umbo ndo ulianza kuwala. Amka saa ileile, oga, vaa, toka nje hata kama huna unakoenda kwa maana, na ile safu ya tatu uliyoanza kuijaza ndo itakubeba sasa, ndo maana tuliianza mapema. Kutafuta kazi kipe saa zake, labda asubuhi, alafu ufunge. Anayetafuta kazi saa zote za siku amehamisha tu kifungo kutoka kwa bosi kwenda kwenye kisanduku cha imeili.

Kitu kingine kitakachotokea ni watu kuendelea kukuita kwa cheo chako cha zamani. Helen Ebaugh, mwanasosholojia ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtawa akaacha, aliwahoji watu 185 walioacha nafasi kubwa maishani mwao, watawa, madaktari, watu wa ndoa zilizovunjika na wengine, akaona kwamba jamii inaendelea kumwona mtu kwa alichokuwa. Mabaki ya ile nafsi hayafutiki. Sasa usipigane nayo. Mtu akikuita "meneja" mwitikie kwa upole, ni sehemu ya safari yako, ila usiitafute hiyo sauti, usipite ofisini kila wiki kusalimia ili usikie wanakuita. Chagua wenzako wawili watatu unaowapenda kweli ukutane nao sehemu nyingine kabisa.

Tena naomba hapa unisikie kwa makini. Ukiona wiki zinapita hulali, huli, pombe imeongezeka, unajitenga na watu wote, au imekujia fikra kwamba familia ingekuwa afadhali bila wewe, hilo limeshatoka kwenye mwongozo wa kusoma. Nenda kwa daktari au mshauri wa afya ya akili leo, na mwambie mtu mmoja wa karibu akusindikize. Na kama ni mwenzako unayemwona hivyo, muulize wazi wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa nafasi ya kusema.

Kama ukibakizwa

Inatokea pia. Majina yanatoka, lako halimo, unashusha pumzi. Wengi siku hiyo wanatupa makaratasi yote na kurudi walipokuwa, tena kwa nguvu zaidi kwa sababu ya shukrani na woga. Usifanye hivyo. Utakuwa na huzuni ya wenzako walioondoka, wapigie, wao sasa hivi simu hazilii. Kile kikundi ulichoanza kwenda endelea nacho siku ileile ya wiki. Kila baada ya miezi michache toa ile karatasi ya safu tatu, ijaze upya kwa kalamu ya rangi nyingine, uone mapengo gani yamepungua na lipi linafuata.